Njia ya Hombolo ipo bure kwenye simu, sawa

Sisi tunakodisha baiskeli hapa Dodoma na kuongoza watu, mpaka kwenye bwawa la Hombolo. Wiki mbili zilizopita kaka mmoja kutoka Dar alitutumia ujumbe mrefu wa WhatsApp. Kwa kifupi: tairi zetu ni vipara, bei zetu ni za kitalii, na njia tunayowatoza watu hela "ipo bure kwenye simu". Tangu mwaka uanze huyu ni wa nne kusema hilo la mwisho. Watatu wa mwanzo niliwanyamazia. Leo nasema.

Kweli ipo bure. Hata njia ya kwenda hospitali ipo bure.

Bei zetu ziko ukutani, hazijifichi. Baiskeli peke yake kwa siku ni shilingi 25,000. Baiskeli pamoja na mwongozaji, mfuko wa vipuri na pikipiki inayokaa tayari kuja kukuchukua ni 60,000 kwa kichwa. Maneno yote yanatoka kwenye hiyo 35,000 ya katikati. Mtu anaangalia baiskeli, anaiona ni ileile, anajiuliza hela nyingine inakwenda wapi.

Huyu kaka alikuja na wenzake watatu, saa mbili na nusu asubuhi. Sisi kwenda Hombolo tunaondoka saa kumi na mbili, kweupe kunapoanza kuonekana. Nikamwambia, kaka, kwa muda huu nendeni Msalato mrudi, Hombolo iacheni kesho. Hapana, wamepanga kula samaki bwawani. Mwongozaji? Hapana, ramani ipo. Chukueni basi tyubu sita. Alichukua mbili, akacheka, akasema Dodoma si Serengeti.

Yaliyofuata nilisimuliwa na watu wawili tofauti, na yanalingana. Walishika lami ya Morogoro hadi karibu na Ihumwa, malori yakawatisha (hapo siwalaumu, mimi mwenyewe sipitishi mteja kwenye lami ile). Wakafungua simu, wakachagua alama ile ya mtu anayetembea kwa miguu kwa sababu ilipunguza kilomita kama tisa. Simu ikawaingiza vijia vya mbuzi. Kijia cha kwanza kikaishia kwenye ukuta wa tofali, maana pale sasa kuna viwanja vimepimwa na watu wameshajenga. Cha pili kikawashusha kwenye korongo la mchanga, wakasukuma baiskeli nusu saa. Walipopanda ng'ambo, tairi zote nane zilikuwa na mbigili.

Hesabu waliyoifanya wenyewe kwenye ujumbe ni hii: pancha 14 kwa fundi wa kijijini, 14,000. Kirikuu ya kuwarudisha mjini, 120,000. Na sisi tuliwadai 70,000 za rimu mbili, kwa sababu wawili kati yao waliona kuliko kusukuma ni afadhali kupanda hivyohivyo tairi ikiwa haina upepo, na rimu zikapinda. Jumla 204,000. Mwongozaji kwa watu wanne angewaongezea 140,000. Hizo 70,000 ndizo wanaziita wizi. Zimeandikwa kwenye fomu waliyosaini, mstari wa tatu, kwa Kiswahili.

Kuhusu vipara: baiskeli zote nne bado ziko uani kwetu na sijabadilisha tairi hata moja. Kwenye tairi ya nyuma ya mmoja wao, yule mrefu, tulichomoa mbigili 37. Tulizihesabu kwenye kifuniko cha ndoo.

Wageni wengi wanadhani mbigili ni miba ya mti. Miba ya mgunga unaiona, unaikwepa. Mbigili ni jani linalotambaa chini lenye ua dogo la njano. Linaota mvua zikianza Desemba, linakauka kuanzia Mei, na tunda lake linapasuka vipande vitano, kila kipande na miiba yake miwili migumu. Kipande hata kikianguka vipi, kuna ncha itatazama juu. Kwenye barabara ya gari siyo nyingi sana. Mahali ng'ombe wanapokunywa maji, pembeni mwa shamba lililovunwa, kwenye kijia kinachokatiza kichaka, ndiko zilikojaa. Kwa hiyo njia fupi ya simu na makazi ya mbigili ni kitu kimoja. Njia yetu ni ndefu kwa sababu inazizunguka, na mzunguko wenyewe tunaubadilisha kila mwaka baada ya mvua.

Tairi zetu tunaziwekea ile dawa nyeupe ya maji inayoziba tundu lenyewe. Inasaidia, lakini haifufui wafu. Mbigili mbili tatu inaziba. Thelathini na saba, hapana. Na ukishachomoa mwiba, uzungushe gurudumu tundu likae chini dawa ikimbilie pale. Watu wanachomoa huku tundu likiwa juu, upepo wote unatoka wakiutazama, halafu wanasema dawa ni maji ya unga.

Na fundi ni tofauti na fundi. Anayejua, akishaziba pancha hana haraka ya kurudisha tairi. Anachukua kipande cha pamba, anakipitisha ndani ya tairi taratibu, mzunguko mzima, mara mbili. Pamba ikinasa, hapo kuna ncha ya mwiba iliyokatika na kubaki ndani ya mpira, ambayo jicho haliioni na kidole kikiigusa kinatoka damu. Anaisukuma kwa ndani, anaing'oa kwa koleo kwa nje. Hana beseni la maji? Anapitisha tyubu karibu na midomo, anasikia upepo. Vijana wetu wanafanya hivyo kwa dakika 12 au 15. Fundi wa haraka anaziba kwa dakika tano, unatembea kilomita mbili, tairi inalala tena palepale. Ndiyo maana pancha zao zilifika 14. Pancha zenyewe hazikuwa 14, nina uhakika. Zingine ni ileile iliyorudi.

Kuna dada mmoja, mwaka juzi, alikuja na baiskeli yake mwenyewe ya mbio. Nzuri sana, nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Tairi nyembamba kama kidole gumba, na vali zile nyembamba za kufungua kwa kuzungusha. Nilimwambia hiyo ni ya lami, chukua yetu, ya kwako tutakulindia bure. Akaona nataka kumuuzia. Alipita Ntyuka kwenda Mvumi, tyubu zake mbili za akiba zikaisha kabla ya saa tano, na tyubu ya vali nyembamba huipati gengeni. Fundi akamwambia hakuna shida. Akachukua nondo iliyochongwa, akaitia motoni, akapanua tundu la rimu vali pana ipite. Rimu ya alumini! Alirudi, ni kweli, tena kwa baiskeli. Ila ile rimu aliniambia aliagiza nyingine nje ya nchi, na bei aliyonitajia ingempeleka Mvumi na mwongozaji mara kumi na bado akala nyama ya mbuzi. Sasa hivi ni mteja wetu wa kudumu na habari hii ameniruhusu niitaje, mradi nisitaje jina.

Lalamiko lingine la wateja ni kwamba "mnatupeleka kwa kinyume". Mtu anataka aanze na mteremko, alale kwenye usukani, picha zitoke vizuri. Jamani, hapa upepo unatoka mashariki. Kiangazi, kuanzia Julai mpaka Oktoba, ukifika saa nne asubuhi unavuma hadi kofia inatafuta mwenyewe. Kwa hiyo tunakwenda mashariki alfajiri upepo ukiwa bado umelala, tunarudi mchana ukiwa mgongoni. Ukigeuza, unaondoka ukijiona bingwa na unarudi saa nane ukitukana, kilomita saba kwa saa, jua la utosi, huku mchanga ukikuingia masikioni. Na mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar anahema siku ya kwanza hata akiwa hodari, wala si aibu.

Upepo wa tairi nao. Tukitoka tunakuachia tairi laini kidogo, kwa ajili ya mchanga. Kila wiki kuna mteja anapita kituo cha mafuta na kuzijaza mpaka zinagonga kama jiwe, kwa sababu baba yake alimfundisha tairi lazima iwe ngumu. Kwenye lami, sawa. Kwenye korongo gurudumu gumu linazama kama kisu kwenye ugali wa moto, nawe unaruka mbele ya usukani. Muulize mwongozaji kwanza.

Kuna kitu kingine unacholipia ambacho hakionekani. Njia yetu ya Makutupora inakatiza mashamba ya zabibu ya watu watatu. Siyo barabara ya serikali, ni mpaka wa shamba. Tunapita kwa sababu kila msimu tunakwenda kuwasalimia, tunashuka kwenye baiskeli, "mbukwenyi" (salamu ya Kigogo), tunakaa, tunaulizana habari za mvua, na zabibu zikiiva tunanunua kwao, siyo barabarani. Februari hadi Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Mwaka jana kundi lililokuja bila mwongozaji, halikuwa hata letu, lilijichumia vichala viwili vitatu likapiga picha. Kwanza shamba lilikuwa limepigwa dawa juzi yake, matumbo yao wanayajua wenyewe. Pili mzee mwenye shamba akaweka miiba pale mpakani, na ilituchukua miezi miwili na sukari kilo kadhaa njia ifunguliwe. Sijui simu ingemwomba vipi msamaha.

Maji: bebeni lita tatu kila mtu. Bwawa la Hombolo lipo tangu mwaka 1957 na mkilitazama ni zuri, lakini maji yake yana chumvi, hayakati kiu, na mimi siogi humo. Perege wake kuleni, kwa mama anayekaanga pale juu, na mwambieni mapema maana hakaangi mpaka aone mtu.

Wanaouliza michoro ya miambani ya Kolo kwa siku moja: ni karibu kilomita 180, lami tupu mpaka Kondoa na kuendelea, mabasi hayakuonei huruma. Siku mbili, au tupande gari na baiskeli juu ya keria. Sitabadilisha jibu hili.

Yule kaka nimemrudishia 35,000, gharama ya rimu moja, kwa sababu rafiki yake alinikumbusha kwamba mimi niliyewakabidhi baiskeli sikuwasomea fomu, niliwapa tu kalamu. Hapo kosa ni langu. Ya pili sirudishi.

Kuanzia mwezi huu Hombolo na Mvumi hatutoi baiskeli bila mwongozaji, hata ukiwa na simu tatu. Kwa kuzunguka mjini, UDOM, Msalato na Veyula, 25,000 iko palepale. Jumamosi hii tunakwenda Hombolo, nafasi zimebaki tano. Viatu vya kufunga, kofia ya jua chini ya helmeti, hela ndogondogo za samaki. Saa kumi na mbili kamili geti linafungwa, na anayekuja saa mbili na nusu atanikuta nakunywa chai.