Risala ya Klabu ya Barabara kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Idara ya Ujenzi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wahitimu,

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kujumuika nasi. Klabu ilianza na saruji ya kuomba. Leo ina barabara yake ya majaribio pale getini, zege la milimita 100 juu ya lami kuukuu. Ni mafanikio makubwa, ingawa msafara wako uliimaliza kwa kufumba na kufumbua.

Ndugu Mgeni Rasmi, kazi yetu ni kubashiri ufa kabla haujaonekana. Zege jembamba hivi hutegemea kushikamana na lami iliyo chini yake. Vikishikana, hubeba mzigo kwa pamoja. Maji yakipenya kwenye maungio vikaachana, zege huelemewa na kukatika. Hata ukubwa wa vibao, yaani vipande vya zege vilivyo kati ya maungio, una neno. Minnesota, Marekani, walijaribu kwenye barabara kuu ya I-94 mwaka 1997: vibao vya mita 1.2 kwa 1.2 vilikatika kona, maana maungio yaliangukia njia ya magurudumu. Vya mita 1.5 kwa 1.8 vilistahimili zaidi.

Programu ya kukokotoa haya ipo, ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, tena bure. Imesawazishwa kwa barabara za Marekani, lakini hilo tungelivumilia. Inauliza unene wa lami na hali yake, nasi tunajaza kwa kukisia.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: mashine ya kukata sampuli za mviringo kutoka zege hadi lami. Sampuli ikitoka nzima, mshikamano upo. Kwa sasa tunagonga kwa nyundo na kutega sikio. Panapolia kama debe tupu, tunaweka alama ya chaki. Kona moja, upande yanakopita malori ya mchanga, tayari ina ufa mwembamba, na masika hayo yanakuja.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliliahidi mbele ya kamera, tukapiga vigelegele. Aliyemtangulia alisema, "Hilo niachieni mimi." Tulimwachia. Zilifika fulana zenye picha yake, nasi tunazivaa tukichekecha kokoto. Hatulaumu, tunakumbusha tu, kwa heshima zote.

Ankara ya bei imeambatanishwa na nakala yako, ukurasa wa pili. Pa kuandika tarehe na kutia sahihi tumepaacha wazi, na kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama