VAR peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Wanaodai VAR (mwamuzi msaidizi wa video) itamaliza lawama kwa waamuzi wakumbuke robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Pretoria, Aprili 5, 2024. Shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba wa juu, mpira ukadunda chini langoni na kurudi uwanjani. VAR ilikuwepo, bao likakataliwa, na Mamelodi Sundowns wakavuka kwa penalti. Bado inaniuma!

Kilichokosekana ni teknolojia ya mstari wa goli, inayoitetemesha saa ya mwamuzi pale mpira wote unapovuka. FIFA iliitumia Kombe la Dunia 2014, baada ya bao la Frank Lampard wa England kukataliwa kwenye Kombe la Dunia 2010. CAF, shirikisho la soka Afrika, iifunge viwanjani kuanzia robo fainali, hata kama ni ghali.

Shabiki wa soka,
Dar es Salaam