Shoga yangu, hicho kiwanja usimalizie hela kwanza

Mama Brayan,

Habari za Dar, na hilo joto mnaliwezaje? Huku Babati baridi imeanza, masweta yote nimeshayatoa kwenye begi. Voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, nikaanza kukujibu kwa voisi nikaona nitaongea mpaka bando liishe, ndo maana nimeamua kukuandikia, soma ukiwa umetulia usisome huku unapindua chapati.

Umesema kiwanja bei chee, dalali anawakimbiza, shemeji keshatoa nusu ya hela, na nilivyokuuliza mbona kinaonekana kipo korongoni ukanijibu "majanga ni ya Mungu shosti, hata huko kwenu mlima si uliwaangukia". Aisee hilo neno limenikaa. Mimi na Mungu sibishani, ila mwenzio nimeshakutana na majanga mawili na nakwambia hayafanani hata kidogo, na hilo lako unalotaka kulinunua ni la tatu.

La kwanza unalijua, lile tetemeko la Bukoba, tarehe 10 mwezi wa tisa 2016, Jumamosi. Nilikuwa nasukwa, nusu ya kichwa imeisha nusu bado, saa tisa na nusu hivi mchana, nikasikia kama lori la mchanga linapita chini ya saluni, halafu kioo kikaanza kucheza ukutani, yule dada akanishika nywele badala ya kunishika mkono tukatoka hivyohivyo mbio. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, chanzo chake kule Missenyi karibu na mpaka wa Uganda, kilomita kama 40 chini ya ardhi. Watu 17 walifariki, nyumba zilianguka nyingi sana, Ihungo sekondari ile ya miaka yote ikabomoka ikabidi ijengwe upya. Watu wakasema laana, wakasema sijui nani kakosea nini, kumbe sisi tumekaa karibu na Bonde la Ufa, lile tawi la magharibi linalopita Ziwa Albert likashuka mpaka Tanganyika, bara letu linaachana taratibu milimita chache kwa mwaka, miamba inabanana inavumilia weee mpaka siku inateleza. Hiyo hakuna mtaalamu atakayekwambia itakuja Jumamosi saa tisa, Japani penyewe hawajaweza. Ila hata hapo, nyumba zilizoanguka nyingi zilikuwa za tofali zilizoshikwa na udongo, hazina linta, hazina nondo, nyumba ya jirani yetu iliyojengwa vizuri ilipata nyufa tu na chai wakanywa ndani jioni ingawa kwa woga.

La pili ni Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili alfajiri. Mimi unajua nilikuwa napeleka vitenge mnadani Katesh, siku ile Mungu bariki nilikuwa nyumbani Babati, nikaamshwa na simu za wateja, mmoja analia tu haongei. Mara zikaanza meseji za wasap kwamba mlima umelipuka, ni volkano, kimbieni. Ni kweli Hanang ni mlima wa volkano, una mita zaidi ya 3,400, lakini umelala zamani mno na haukulipuka. Wataalamu wa serikali walikuja kueleza kwamba kulikuwa na sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, mvua ile ya mfululizo ikaingia mle ndani kama maji yanavyoingia kwenye mkate, ikawa nzito, ikameguka. Ule udongo ukashuka na mkondo wa mto ukizoa mawe na magogo, ukapita Jorodom na Gendabi ukaja mpaka mjini Katesh watu bado wamelala. Zaidi ya 80 walifariki. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa hali ya hewa wa dunia, akakatisha safari kurudi, na mimi hapo nikawaza mengi ila niyaache.

Nilienda siku ya tano na wenzangu wa kikoba tukapeleka mablanketi. Sitakuelezea yote. Tope lilikuwa limeshaanza kukauka, limefika usawa wa madirisha, mlango wa duka moja ninalolijua ulikuwa umesimama wenyewe duka halipo. Kuna mzee mmoja wa Kibarbaig tulikaa naye chini ya mti, nikamuuliza mzee hii mliwahi kuiona? Akanionyesha kwa fimbo mawe makubwa kule tambarare, mawe ya zamani hayo, yana nyasi na mijusi, sio ya juzi, akaniuliza "haya unadhani yaliletwa na punda?" Akanyamaza. Mimi nikaona aibu maana hayo mawe nimeyapita miaka nikienda mnadani, nimekaa juu yake nikala mahindi.

Kwa hiyo ukiniambia "ni ya Mungu tu" nakuelewa kwa Bukoba, kwa Hanang nakuelewa nusu, kwa korongo sikuelewi kabisa.

Na usije ukaniambia ni Elinino ya mwaka ule tu haitarudi. Elinino ni bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, kule mbali, na 2023 ilikutana na bahari yetu ya Hindi upande huu wa Afrika nayo imechemka, maji yanapanda hewani mengi yanakuja kumwagikia kwetu. Upande wetu ukipoa ndo tunakauka, kama wenzetu wa kaskazini mwa Kenya na Somalia walivyokosa mvua misimu mitano mfululizo, ng'ombe wakaisha. Ni maji yaleyale yanahama. Yatarudi tu, ile ya 97 kwenda 98 si ilirudi.

Nyie wa pwani mna bahati moja, vimbunga vinawaogopa, maana karibu na ikweta ule mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuuzungusha upepo ukawa kimbunga, ila bahati sio mkataba, Hidaya ya Mei 2024 ilikuja mpaka Mafia na barabara ya Lindi ikakatika pale Somanga. Tsunami ya 2004 nayo tetemeko lilipiga Sumatra kwetu ikiwa saa kumi alfajiri, mchana bahari ya huku ikawa haieleweki na kuna watu walikufa wakiogelea hapohapo Dar. Hayo sikulaumu, hukuyanunua.

Sasa korongo. Unakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 Jangwani, watu zaidi ya 40 wamekufa, serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande, na kuna waliorudi bondeni. Hilo bonde la Msimbazi ni njia ya maji, na kila mnachojenga juu huko, paa, lami, pevingi, kinazuia maji kuzama, yanakuja yote kwenu kwa pamoja. Wakenya nao Mai Mahiu, Aprili 2024, usiku, watu wakasema bwawa limepasuka, kumbe kalavati chini ya reli liliziba na matope na miti, maji yakajaa nyuma yake yakabomoa njia, yakasomba makumi ya watu. Kalavati tu shosti. Wewe hapo kwako kuna ngapi zimejaa nailoni? Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo hata nyumba ikisalimika na maji kuna siku itakuja rangi nyekundu ya iksi ukutani, ile ya kubomolewa.

Zile picha ulizonitumia nimezikuza. Kwanza angalia ya pili, ule mwembe wa kushoto, kwenye matawi kuna mifuko na matambara yamening'inia, juu ya kichwa cha shemeji aliyesimama hapo chini anacheka. Nani aliyapandisha kule? Halafu dalali anawasifia kwamba hapo hamtanunua mchanga wa kujengea, upo palepale mweupe safi, mnachota tu. Muulize ulitoka wapi.

Ukimaliza kumuuliza yeye nenda kwa bibi yoyote aliyekaa hapo tangu kabla ya 98, usiende na dalali, beba sukari kilo moja, mwambie akuonyeshe maji yalifika wapi. Nusu ya hela iliyobaki msitoe mpaka uniambie kasemaje. Msalimie shemeji, na Brayan mwambie jino likitoka anipigie.

Wako,
Mama Neema