Usianze na Risasi

Barcelona, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, Mama Salma naye hajambo na anakusalimu. Kimya changu ni cha kazi: bibi ninayemlea aliteguka mguu, basi mchana na usiku nimekuwa naye. Mambo ya harusi ya Tatu nitayafikia, ila kwanza hii hotuba yako kwa wanafunzi juu ya Ernest Lluch, yule mchumi wa Uhispania, maana tangu ulipoituma imenikaa kichwani.

Nimezisoma kurasa zako nikiwa kwenye metro, na huamini nilikuwa naelekea wapi. Huku kwetu, mstari wa 5, kuna kituo kinachoitwa Ernest Lluch. Ndiye huyo huyo mchumi wako. Hakiko mbali na nyumba aliyokuwa akiishi.

Umeandika vizuri, sikatai. Lakini umeanza na usiku wa tarehe 21 Novemba 2000, gereji ya nyumba yake, watu wa ETA, lile kundi la silaha lililodai uhuru wa Wabaski, risasi kichwani, na mzee wa miaka 63 kalala chini. Halafu ile sheria yake ya afya umeipa mstari mmoja, ukurasa wa tatu! Rehema, nakuomba, usianze na risasi. Wale watoto wa kidato cha sita watatoka hapo wanajua alivyokufa, hawajui alifanya nini.

Kabla ya sheria hiyo, matibabu ya serikali huku yalifungamana na ajira. Ukikatwa michango kwenye mshahara, wewe na familia yako mnatibiwa. Asiye na kazi rasmi na asiyetegemea mwenye kazi, hilo lilikuwa lake. Bibi yangu huyu alifua nguo za watu tangu usichana bila kuandikishwa popote, na mpaka leo anakumbuka daktari waliyemlipa kwa mkopo. Lluch akawa waziri wa afya mwaka 1982, serikali ya waziri mkuu Felipe González. Si daktari, ni profesa wa historia ya fikra za uchumi. Vyama vya madaktari vilimpinga kwelikweli. Mwaka 1984 wakaanza kupanga upya vituo vya afya vya mitaani, daktari na muuguzi wafanye kazi kama timu moja badala ya daktari anayekaa kwa muda wa saa mbili tatu tu, na foleni. Tarehe 25 Aprili 1986 ikapita Sheria Kuu ya Afya, nayo ikasimamisha mfumo mmoja wa taifa na kuyakabidhi majimbo uendeshaji wa hospitali zao.

Hapo waeleze taratibu, wasidhani kila kitu kilibadilika asubuhi moja. Mafukara wasio na michango waliingizwa rasmi mwaka 1989, yeye ameshaondoka wizarani. Na fedha ilihama polepole kutoka kwenye michango ya wafanyakazi kwenda kwenye kodi za wote, mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini. Hii ndiyo sehemu ya kiuchumi hasa, na ndiyo niliyoitafuta kwenye kurasa zako nisiione. Maana wanafunzi wako watakuuliza nani analipa, hasa sasa ambapo huko nyumbani mna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 na kila kijiwe kina maoni yake. Huku kabla ya sheria ile walikuwa wameshatengeneza upya kodi ya mapato, miaka ya 1977 na 1978, na VAT ikaanza Januari 1986. Bila mfuko huo sheria ingekuwa karatasi tu. Kwa hiyo wakikuuliza tunaiga vipi, anza na kodi.

Jambo jingine uliloliruka: vitabu vyake. Alizaliwa mwaka 1937 Vilassar de Mar, mji wa pwani hapa jirani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaendelea. Chini ya dikteta Franco alikamatwa zaidi ya mara moja na akapoteza kazi yake chuo kikuu hapa Barcelona. Akaenda Valencia mwaka 1970, akafundisha huko, na mwaka 1976 akatoa kitabu kuhusu njia ya Valencia yenyewe kuelekea viwanda. Lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa karne ya 18. Alichimbua waandishi wa uchumi wa Katalunya ambao hakuna aliyewasoma tena, na baadaye akaandika juu ya upande ulioshindwa katika vita vya kugombea kiti cha ufalme wa Uhispania mwanzoni mwa karne hiyo. Mimi naona humo ndimo ilimotoka tabia yake ya kumsikiliza aliyeshindwa na anayempinga. Ni wazo langu tu, lipime mwenyewe.

Maana angalia kule San Sebastián, mji wa Wabaski, mwaka 1999, wakati ETA imesimamisha mapigano. Alikuwa uwanjani kwenye kampeni ya uchaguzi, vijana wanaoiunga mkono ETA wakaanza kumzomea. Hakushuka jukwaani. Aliwaambia wazidi kupiga kelele, kwa sababu wakiwa wanapiga kelele hawaui. Mwaka uliofuata ETA wakamuua.

Sasa ndiyo nasema: baada ya haya yote, waambie kuhusu gereji. Hapo wataelewa kwa nini mamia ya maelfu waliijaza Passeig de Gràcia, barabara kuu ya hapa Barcelona, siku mbili baadaye, na kwa nini mwandishi wa habari Gemma Nierga alisimama mbele ya waziri mkuu Aznar akawaomba viongozi, ninyi mnaoweza kuzungumza, zungumzeni, kwani Ernest angejaribu kuzungumza hata na aliyemuua. Ukiwaanzishia kifo, maneno hayo watayasikia kama huruma ya msibani. Ukiwaanzishia kazi, watajua ni kazi ileile ilikuwa inaendelea.

Nimesema sana. Bibi ananiita, nitamalizia haraka.

Hotuba ni lini hasa, kabla ya mitihani au baada? Mwalimu mkuu amekupa kipindi kimoja au viwili? Kama ni kimoja, acha ule ukurasa wa historia ya ETA, utakumeza muda wote. Na Bakari, amepata jibu la mkopo au bado wanamzungusha? Mama miguu imepungua kuvimba? Harusi ya Tatu ni Tanga au wamehamishia Pangani kama shangazi anavyotaka, na sare ni rangi gani, nitume hela ya kitambaa kwako au kwa Zaituni? Nijibu kwa sauti kama huna nafasi ya kuandika, lakini kurasa ukishazipanga upya nitumie zote.

Wako,
Zuhura