Kimbunga si mgeni pwani yetu

Mhariri,

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia Mafia, jirani yangu alinicheka aliponikuta nafunga bati la jiko kwa kamba ya katani. "Mzee, huku vimbunga havijawahi kufika." Ni kijana, simlaumu. Nani alimwambia?

Marehemu bibi yangu hakujua tarehe aliyomzaa kitindamimba wake. Alichojua ni kwamba alimzaa miezi miwili baada ya kimbunga, yaani kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Alitusimulia minazi iliyolala, yote vichwa upande mmoja, kama watu waliosujudu. Miaka 80 kabla ya hapo, Aprili 1872, kingine kiliivamia Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuangamiza merikebu za Sultan Barghash. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndipo ikazidi kuwa kisiwa cha karafuu.

Ni kweli hutujia kwa nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha. Ila mambo ya nadra ndiyo husahaulika upesi, maana aliyeyaona hufa kabla hayajarudi.

Ombi langu: kando ya utabiri wa kila siku, tengeni kijisehemu cha vimbunga na mafuriko ya zamani. Wazee wenye simulizi bado wapo, wachache. Waulizeni masika haya, msingoje mengine.

Bati langu, kwa taarifa ya jirani, bado limefungwa.

Mvuvi mstaafu,
Kilwa