Sukari kuwa sawa haimaanishi moyo uko salama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana kuna jambo linanikera kila nikisoma habari za afya. Kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima, kinaelezwa kama kitu kinachoanza siku ile kipimo kinaposoma juu, yaani jana ulikuwa mzima na leo ni mgonjwa. Sio hivyo hata kidogo, na watu wanaumia kwa kuamini hivyo.

Ndugu yangu mmoja, mwanaume wa miaka 40 na kitu, alinionyesha karatasi yake ya vipimo akiwa na furaha kabisa. Sukari kabla ya kula 5.4, akaambiwa uko poa nenda zako. Nikashuka chini kwenye karatasi hiyohiyo nikakuta traigliseraidi, yaani mafuta ya kwenye damu, 2.6, kolesteroli nzuri ile ya HDL 0.8, presha imeandikwa pembeni kwa kalamu 138/88, na kiuno hakuna aliyekipima ingawa tumbo lilikuwa linaonekana wazi. Hizo namba nyingine hakuna aliyemweleza hata moja.

Sasa kwa vigezo vinavyotumika sehemu nyingi duniani kuna vitu vitano vinaangaliwa (sukari na mafuta kwa kipimo cha mmol/L): kiuno kikubwa, traigliseraidi kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke, presha kuanzia 130 ya juu au 85 ya chini, na sukari ya asubuhi kuanzia 5.6. Ukiwa na vitatu tu tayari una kile madaktari wanaita sindromu ya metaboliki, na huyu ndugu yangu anavyo vitatu kabla hata hujagusa kiuno. Sukari ndo kitu pekee kilichokuwa sawa alafu ndo kitu pekee kilichoangaliwa!

Kinachotokea ni hivi. Ukila, kongosho linatoa insulini ili misuli na ini vichukue sukari kutoka kwenye damu. Mtu akiwa na ukinzani wa insulini misuli na ini haviitikii vizuri, kwahiyo kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, kama mtu anayegonga mlango wenye nyumba wako ndani hawafungui, anazidi kugonga kwa nguvu. Na kwa miaka mingi linafanikiwa, sukari inabaki kawaida, kipimo kinakuja kizuri na mtu anarudi nyumbani ametulia. Kumbe ndani insulini iko juu muda wote, ini linatengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye damu ndo hizo traigliseraidi zinapanda na HDL inashuka, figo nazo zinabakiza chumvi presha inapanda, kuta za mishipa zinaanza kupoteza uwezo wa kulegea. Siku sukari inapokuja kupanda ni kwa sababu kongosho limechoka, na mara nyingi mishipa ya moyo inakuwa imeshaanza kuharibika kwa miaka. Ndo maana kuna watu wanagundulika na kisukari wakiwa wamelazwa kwa mshtuko wa moyo.

Na hili si jambo la jana. Daktari Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford alilieleza kwenye mhadhara mwaka 1988, akaunganisha ukinzani wa insulini na presha na mafuta ya damu kama kundi moja linaloupeleka moyo pabaya. Miaka yote hiyo imepita na bado tunaangalia sukari peke yake, kwakweli inauma.

Kinachonipa moyo ni kwamba hali hii inaweza kurudi nyuma, na dawa ya kwanza sio kidonge. Marekani walitoa utafiti mwaka 2002 wa watu 3,234 ambao sukari ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafikia kisukari. Waliofundishwa kula vizuri, kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa metformin, kidonge cha kisukari, ilikuwa asilimia 31. Na kule Da Qing nchini China kuna watu walioanza programu ya chakula na mazoezi mwaka 1986, wakafuatiliwa miaka 30, na waliokuwa kwenye programu walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao.

Mazoezi watu wanayaona ni ya kupunguza uzito tu, na mizani isiposhuka wanaacha, hapo ndo wanapokosea sana. Msuli ukiwa unafanya kazi unaweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu bila hata kusubiri insulini, na baada ya hapo unabaki unaitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hivi au mbili, alafu faida inaisha usiporudia. Kwahiyo kutembea dakika kumi na tano baada ya kula, karibu kila siku, kuna faida hata kama mizani haijasogea. Misuli ya mapaja ni mikubwa, itumie, panda ngazi, inuka kwenye kiti.

Kwenye chakula sitaki kuingia kwenye ugomvi wa wanga na mafuta, watu wameshagombana vya kutosha. Mimi ningeanza na vinywaji vya sukari, juisi ikiwemo, maana sukari ya kunywa inaingia haraka, haishibishi, na ikizidi ini linaigeuza mafuta. Baada ya hapo ongeza mboga, kunde, karanga, samaki, punguza unga uliokobolewa. Na wembamba msijidanganye, mafuta yanaweza kujificha kwenye ini na kuzunguka viungo vya ndani bila mwili kuonekana mnene.

Ombi langu Mhariri, mkiandika tena kuhusu kisukari wekeni hizo namba tano zote pamoja, kiuno kikiwemo, maana futi ya fundi cherehani inatosha kukipima. Waambieni wasomaji waombe karatasi yao ya vipimo na waulize kila mstari una maana gani. Na wale wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, au ambao kifua kinabana wakitembea, waongee na daktari kwanza kabla hawajaanza mazoezi mazito, kwasababu kwa wanaotumia dawa hizo sukari inaweza kushuka ghafla na dozi zao pengine zitahitaji kubadilishwa.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.