Msituambie muziki wa ala ni mgeni Mbeya

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi tukilinunua stendi likiwa limechelewa siku nzima, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii mmenichokoza. Nazungumzia ile habari ya ukurasa wa utamaduni kuhusu vijana wanaotaka Jiji la Mbeya liwe na orkestra ya simfoni, lile kundi kubwa la wapiga fidla, tarumbeta na ngoma. Mwandishi wenu akamtafuta kiongozi mmoja, akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, watu wa Nyanda za Juu Kusini hawana mazoea nayo, na kwanza tumalize barabara. Mwandishi akanukuu, akafunga daftari, akaenda zake. Swali la pili hakuuliza.

Angeuliza mzee yeyote wa Rungwe angeambiwa. Wamisionari wa Kimoraviani walifika huko mwaka 1891. Kanisa lao chimbuko lake ni Herrnhut, Ujerumani, ambako tarumbeta hupigwa makaburini alfajiri ya Pasaka tangu karne ya 18. Mimi mwenyewe nimepiga besi, yaani tuba, tarumbeta kubwa la sauti ya chini, makaburini alfajiri hiyo nikiwa kijana, umande umejaa kwenye viatu, na hakuna bibi aliyelalamika kwamba huo ni Uzungu; bibi ndiye aliyekuwa anatushikia taa. Na kabla hamjasema hayo ni ya kanisani tu, nendeni Kyela mkaulize kuhusu ngoma ya mapenenga. Watu waliona bendi za jeshi la mkoloni, pesa ya kununua shaba hawakuwa nayo, wakakata vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakavivumia sauti za juu na za chini huku wamepanga mistari kama askari. Hao ndio mnaotuambia hawana mazoea?

Najua orkestra si tarumbeta peke yake. Inataka fidla, tena nyingi, na fidla hatuna. Kinshasa nao hawakuwa nazo. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule mhubiri mashuhuri wa Kongo, alianzisha orkestra ndani ya kanisa la babu yake. Fidla zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Wapigaji wake wengi mchana ni watu wa kawaida wenye shughuli zao, jioni wanakutana kupiga muziki wa Beethoven, mtunzi wa Kijerumani. Waya wa breki sokoni Mwanjelwa upo, unauzwa.

Hilo la kwamba ni anasa ndilo limenikera zaidi. Mwaka 1743 huko Leipzig, Ujerumani, waliotoa fedha za kuanzisha orkestra hawakuwa wafalme. Walikuwa wafanyabiashara wa mji. Mwaka 1781 ikahamia katika jengo la wauza nguo, na jina la jengo hilo, Gewandhaus, ndilo inalotumia hadi leo. Hawakusubiri lami, lami yenyewe ilikuwa bado. Mtunzi wa muziki Mendelssohn akaja kuiongoza mwaka 1835, na miaka minane baadaye akafungua chuo cha muziki hapohapo mjini, ili wapigaji wapatikane bila kuagizwa. Hata sasa wanamuziki wa orkestra hiyo wanapiga katika jumba la opera la mji na katika kanisa la Mtakatifu Thomas. Ni kazi ya mji, kama zimamoto. Sasa nitajieni wafanyabiashara wa Mbeya, wenye maghala ya mchele na viazi, wangapi wameombwa kuchangia hata kinanda kibovu. Tunajua kuwaomba wachangie mwenge tu.

Wanamuziki nao wana heshima yao. Mwaka 1882 Berlin kulikuwa na kiongozi wa bendi anaitwa Bilse, aliyetaka kuwasafirisha watu wake hadi Warsaw kwa treni, behewa la daraja la nne. Wapigaji 54 wakagoma, wakajitenga, wakaunda orkestra yao wenyewe. Leo dunia nzima inaijua Filharmonia ya Berlin. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana sisi wapiga tarumbeta wa kanisa, daraja la nne lingekuwa neema.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, taasisi moja ya umma hapa jijini ilituita tupige kwenye uzinduzi wake. Wenyeji wa Mbeya mnaujua mwezi wa saba. Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa tano na ushei. Muda wote huo tumesimama uwanjani upepo unatupitia mgongoni. Shaba ikipoa sauti inashuka, kwa hiyo kila mara inabidi upulize pumzi ya moto ndani bila kupiga, vinginevyo ukianza unasikika kama ng'ombe mgonjwa. Tena valvu ya pili ya besi yangu iligoma, nikaiweka mafuta ya cherehani, ikakubali. Mgeni akashuka kwenye gari, tukaanza. Ubeti wa kwanza haujaisha, mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "DJ, tupe kitu cha kuchangamsha!" Basi. Spika mbili kubwa zikafunguliwa usoni mwetu na watu wakaanza kukatika viuno mbele ya mgeni rasmi. Chakula tukaambiwa bendi itakula baadaye. Baadaye ilipofika kulikuwa na wali wa chini ya sufuria na mchuzi bila nyama. Kurudi nyumbani tukapakiwa kwenye Canter pamoja na viti vya plastiki, maturubai na vyuma vya jukwaa, na kwenye kona moja chuma kikaangukia tuba. Niliipeleka kwa fundi rejeta, ndiye pekee mwenye kuchomelea shaba bila kuitoboa. Posho? Tulipofuata, tukaambiwa mhasibu yuko semina. Tukarudi, tukaambiwa lazima tulete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wapiga tarumbeta wa kanisa, wazee watupu na vijana wawili wa kidato cha tatu, tulete risiti ya EFD! DJ alilipwa palepale uwanjani, noti mkononi, nikimwona kwa macho yangu, na risiti hakuulizwa.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la spika. Mji huu haulali. Kuna gari la matangazo linapita Mafiati saa moja asubuhi linanadi dawa ya panya kwa muziki wa kuangusha sahani kabatini. Msibani spika, harusini spika, mnadani spika. Makanisani nako wameingiza vinanda vya umeme vyenye midundo iliyorekodiwa: kijana anabonyeza kitufe kimoja, ngoma inajipiga yenyewe, yeye anachati. Kwaya za sauti nne tulizozikuta zinakufa kwa sababu hakuna anayesikia sauti ya tatu. Hata matarumbeta ya harusi siku hizi ni vijana wanne juu ya pikapu na wimbo mmoja kutoka Uyole mpaka ukumbini, bodaboda zinapiga honi wanadhani ndiyo besi. Siwalaumu vijana. Nani aliwafundisha? Shule ngapi za sekondari mkoani hapa zina mwalimu wa muziki mwenye chombo mkononi?

Kwa hiyo napendekeza. Jiji litoe chumba kimoja kikavu chenye mlango unaofungwa, maana unyevu unakula vifuniko vya valvu. Bendi ya Polisi iombwe ituachie wapigaji wawili wafundishe Jumamosi. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa wakae na hao vijana, waambiane bei ya fidla. Na kila mgeni rasmi atakayechelewa alipe seti moja ya nyuzi za fidla kwa kila saa. Kwa mwendo ninaoujua, tutakuwa na orkestra kamili kabla ya Sabasaba, na akiba ya nyuzi tutawatumia Iringa na Njombe.

Kuhusu posho yetu, anayehusika anajijua. Na bili ya fundi rejeta naiongeza humohumo.

Mpiga besi mstaafu,
Uyole, Mbeya